Saruji Haikauki: Jinsi Nuru Ionyeshavyo Kazi ya Maji na Viungo



Leo twapenda kusema nanyi habari za kitu mkijuacho sana, yaani saruji, na habari za kitu kingine mkionacho kila siku ila labda hamkupata kukifikiri, yaani nuru. Tutaeleza jinsi wenye elimu watumiavyo nuru kuchungulia ndani ya saruji iliyokwisha kutiwa maji, wapate kujua ni kazi gani inayotendeka humo. Tena tutaona jinsi kitu kidogo kilichoongezwa, hata kiasi cha vijiko vichache, kiwezavyo kuiharakisha kazi hiyo, au kuichelewesha, au kuiharibu kabisa.

Maneno haya twayaelekeza hasa kwa ndugu zetu wa Lupaso, kijiji cha Masasi alikozaliwa mwaka 1938 Benjamin William Mkapa, aliyekuwa Rais wa tatu wa Tanzania, na kwa jirani zao wa Newala na wa uwanda wote wa juu wa Wamakonde. Sababu yake ni maji. Wenyeji wa uwanda ule hawana haja ya kuambiwa ya kuwa udongo wao ni wa kichanga, na ya kuwa mvua ikinyesha juu yake huzama upesi hata isionekane. Mito haipiti juu. Tangu zamani mama zetu wameshuka mabondeni kwa miguu, na kupanda tena na mitungi na ndoo kichwani, safari ya saa nyingi kwa maji ya siku moja. Kweli, tangu miaka ya 1950 kulikuwa na mashini za kupandisha maji kutoka mabondeni, na kazi hiyo imeendelea kupanuliwa. Lakini mtu mwenye busara hukinga pia mvua ya paa lake, akaihifadhi katika birika la saruji lililochimbwa karibu na nyumba. Basi kwa mtu wa Newala birika si pambo la nyumba. Likishika maji, watoto wanaoga na kwenda shule mapema. Likivuja, mama na binti zake wanarudi bondeni.

Sasa tusimulie kisa kimoja, maana elimu isiyo na kisa husahauliwa upesi.

Mtu mmoja wa nyanda zile, ambaye jina lake hatulitaji, alichimba birika wakati wa kiangazi akitaka liwe tayari kabla ya mvua za mwaka. Alikuwa ameuza korosho zake, na fedha karibu yote akainunulia saruji, mchanga na kokoto. Akamwita mwashi, kazi ikaenda vizuri, ukuta ukasimama, kikabaki kupiga lipu ya ndani, ile izuiayo maji. Siku ya lipu madebe hayakutosha. Kijana mmoja akaleta madebe yaliyokuwa uani, yaliyotumiwa jana yake kukamulia mabibo. Chini ya kila debe mlisalia maji ya mabibo kiasi cha nusu lita, pamoja na makapi. Kijana akayajaza maji juu yake, akayapeleka kwa mwashi, na mwashi akakoroga.

Kulipokucha, mwenye birika alishuka kuitazama lipu yake. Akaigusa kwa msumari, nayo ikachimbika kama ugali. Akangoja hata adhuhuri, ikawa vile vile. Akamwita mwashi kwa hasira, akimwambia, "Bwana, umeniuzia mchanga badala ya saruji." Mwashi naye akaapa ya kuwa mifuko ilifunguliwa mbele ya watu wote. Wengine wakasema duka limeuza saruji mbovu, wengine wakasema ni husuda ya jirani. Mwenye birika akatwaa sululu ili aibandue lipu yote.

Hapo babu mmoja, aliyekuwa mwashi tangu ujana wake, akamzuia. Akasema, "Mwanangu, weka sululu chini. Funika kazi yako kwa magunia mabichi, uyanyunyizie maji asubuhi na jioni, ungoje siku tatu. Isipoganda, nitakushikia sululu mimi mwenyewe." Basi wakafunika. Lakini magunia hayakutosha, na upande mmoja wa birika, ule upigwao na jua, ukaachwa wazi. Siku ya tatu upande uliofunikwa ulikuwa umeganda hata msumari haukuingia. Upande wa jua ulikuwa mkavu, mweupe, nao ulipoguswa ukamwagika kama majivu.

Mchanganyiko ulikuwa mmoja, siku moja, mkono mmoja. Kwa nini upande mmoja uliishi na mwingine ukafa? Hili ndilo swali letu, na ili kulijibu hatuna budi kwanza kuuliza saruji ni kitu gani.

Neno lenyewe ni la kale. Lilifika pwani yetu na watu wa Uajemi na Arabuni, ambao huita sarooj udongo uliochomwa na kuchanganywa na chokaa. Kwa mchanganyiko huo watu wa Oman walipaka mifereji yao ya maji, maana hauyeyuki majini. Saruji ya leo ni nyingine. Mwaka 1824 mwashi mmoja wa Leeds katika Uingereza, jina lake Joseph Aspdin, aliandikisha haki ya saruji aliyoiita Portland, na jina hilo lingali linatumika hata sasa. Siku hizi hutengenezwa kwa mawe ya chokaa na udongo wa mfinyanzi, vikachomwa pamoja katika tanuri lenye joto la digrii 1450 hivi. Hutoka vibonge vyeusi vigumu, navyo husagwa pamoja na jasi kidogo. Katika Tanzania kiwanda cha Wazo Hill karibu na Dar es Salaam kilianza mwaka 1966, na kwa upande wetu wa kusini kiwanda kikubwa cha Dangote kilifunguliwa Mtwara mwaka 2015, ambacho kilijengwa kwa kusudi la kutoa tani milioni tatu kwa mwaka.

Sasa sikilizeni jambo lililo kuu katika maneno yetu ya leo. Waashi husema, "Saruji imekauka." Neno hili limewapotosha wengi. Udongo wa ukuta hukauka, nao ukirudishiwa maji hulainika tena. Saruji haikauki, bali hula maji. Maji huungana na unga wake, yakawa sehemu ya jiwe jipya, nayo hayatoki tena kwa jua la kawaida. Ndiyo maana saruji huganda hata chini ya bahari. Ukiinyima maji kabla haijamaliza kula, hukauka kweli, na kukauka huko ni kifo chake.

Ndani ya unga wa saruji mna madini ya namna nne. Lililo kubwa, zaidi ya nusu, huitwa alaiti, nalo ni chokaa iliyoungana na silika, yaani kitu kile kile kifanyacho mchanga mweupe. Alaiti ikipata maji huzaa vitu viwili. Cha kwanza ni utando mwembamba mno wa chokaa, silika na maji, ambao ndio gundi ishikayo mchanga na kokoto. Cha pili ni chokaa iliyolowa. Kazi hii haiendi kwa mwendo mmoja. Maji yanapotiwa tu, huwa na msukosuko wa dakika chache, na joto kidogo. Kisha saruji hutulia saa mbili au tatu kana kwamba imelala, na huo ndio wakati mwashi anapopata nafasi ya kuichukua kwa karai na kuipaka kwa mwiko. Baadaye huamka, ikafanya kazi kwa bidii kwa saa nyingi, ikatoa joto na kuganda. Mwisho hupunguza mwendo, ila haikomi. Ndiyo maana wapimaji huipima nguvu yake siku ya 28, na hata baada ya hapo huzidi kuwa ngumu polepole maadamu ina unyevu.

Labda mtauliza, "Mambo haya yamejulikanaje, na chembe zake hazionekani kwa jicho?" Hapo ndipo nuru iingiapo.

Nyote mmeuona upinde wa mvua. Isaac Newton, mwenye elimu wa Uingereza, alipitisha mwali wa jua katika kioo cha pembe tatu, akaonyesha ya kuwa nuru nyeupe ni mkusanyiko wa rangi nyingi. Mwaka 1800 William Herschel aliweka kipima joto penye rangi hizo, kisha akakiweka nje kidogo ya nyekundu, mahali pasipo na rangi yo yote. Kipima joto kikapanda. Basi ikajulikana ya kuwa ipo nuru isiyoonekana kwa macho, nayo huitwa infraredi. Na mwaka 1860 Wajerumani wawili, Bunsen na Kirchhoff, walieleza ya kuwa kila kitu kikitiwa motoni hutoa rangi zake chenyewe, kama mtu alivyo na alama za vidole vyake. Ninyi mwaweza kuona mfano wa jambo hilo jikoni: mkitupa chumvi kidogo motoni, ndimi za moto hugeuka manjano. Rangi ile ni ushahidi wa sodiamu iliyomo katika chumvi. Elimu hii ya kuipambanua nuru ili kujua asili ya kitu huitwa spektroskopia.

Ili kuelewa kazi ya infraredi, fikirini ngoma. Ngoma ndogo iliyowambwa sana hutoa sauti nyembamba, na ngoma kubwa hutoa sauti nzito. Mtu aliye mbali, hata usiku, hujua kwa sikio ngoma ipi inapigwa. Basi chembe zote za dunia hii, zinaposhikana, hutikisika daima kama ngoma. Chembe nyepesi iliyoshikwa kwa nguvu hutikisika upesi, na chembe nzito hutikisika polepole. Nuru ya infraredi inapopita, kila fungamano la chembe humeza sehemu ile ya nuru ilinganayo na mtikiso wake, na nyingine huiacha ipite. Mtazamaji akiipima nuru iliyotoka, huona mapengo mahali palipomezwa, naye husoma mapengo hayo kama msomaji asomavyo herufi.

Herufi hizo hupimwa kwa hesabu ya mawimbi yaliyomo katika urefu wa sentimita moja. Kwa saruji tutataja herufi tatu tu. Ya kwanza ni ya ile chokaa iliyolowa, nayo huonekana penye mawimbi 3640 hivi, pengo jembamba lenye ncha kali. Kabla ya maji kazi yake kuanza, halipo. Kadiri saruji inavyokula maji, pengo hili huzidi kina. Herufi ya pili ni ya silika. Katika unga mkavu huonekana karibu na 925, na gundi inapozaliwa huhama, ikaenda karibu na 970, kwa kuwa chembe za silika zimeanza kushikana mikono katika minyororo. Herufi ya tatu ni ya jasi na watoto wake, nayo huwa karibu na 1100. Mtu akizitazama herufi hizi kila saa, huweza kusema, "Sasa saruji imelala," au "Sasa imeamka," au "Sasa imefika nusu ya njia."

Kazi hii ina matatizo yake. Maji yenyewe humeza infraredi kwa uroho, hata yakaficha herufi nyingine. Kwa hiyo watafiti hufanya moja katika mambo mawili. Wengine huchukua kipande kidogo cha saruji kwa saa waitakayo, wakakisaga na kukiosha kwa spiriti ili kuondoa maji na kusimamisha kazi, kisha wakakipima kikiwa kikavu. Wengine hupaka saruji mbichi juu ya kito kigumu, mara nyingi almasi, na nuru hupita ndani ya kito na kuugusa uso wa chini tu wa saruji, ikarudi na habari.

Iko pia njia ya Mhindi mashuhuri C. V. Raman, aliyoivumbua Kalkata mwaka 1928, na kwa hiyo akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1930. Yeye aliona ya kuwa nuru ya rangi moja ikipiga kitu, sehemu ndogo sana ya nuru hiyo hurudi ikiwa imebadilika rangi kidogo, na badiliko hilo huonyesha mtikiso wa chembe. Uzuri wa njia ya Raman ni kwamba maji hayaisumbui sana, hata saruji mbichi yaweza kutazamwa ikiwa katika kazi yake. Kwa njia hii jasi huonekana penye 1008, na madini yazaliwayo kwayo, yaitwayo etringaiti, huonekana karibu na 990. Hivyo mtu huweza kuona moja likififia na jingine likikua. Ila saruji nyingine hung'aa zenyewe zinapopigwa na nuru ile, na mng'ao huo hufunika herufi. Kwa hiyo watafiti hawaitegemei nuru peke yake. Hupima pia joto litokalo, nao huvunja vipande ili wajue nguvu yake.

Sasa tufike kwenye viungo. Mpishi huongeza chumvi, binzari au ndimu katika mchuzi, na kila kimoja hubadili ladha kwa namna yake. Saruji nayo ina viungo vyake.

Kiungo cha kwanza hutiwa kiwandani, nacho ni jasi, kiasi cha sehemu tatu hadi tano katika mia. Katika saruji limo dini moja lenye haraka sana, lile la alumini. Pasipo jasi lingeungana na maji mara moja, na saruji ingeganda ndani ya karai kabla mwashi hajainua mwiko. Jasi hulituliza, kwa kuungana nalo na kufanya etringaiti juu ya chembe zake.

Kiungo cha pili ni cha kuharakisha, yaani chumvi iitwayo kaloridi ya kalisi. Kwenye nchi za baridi kali wajenzi waliipenda sana. Kwa kiungo hiki herufi ya 3640 hutokea mapema, na silika huhama mapema. Lakini kaloridi hula chuma. Kwa hiyo haifai kabisa mahali palipo na nondo. Ndugu zetu wa pwani wakumbuke ya kuwa maji ya bahari na mchanga wa ufukweni vina kaloridi pia, navyo huleta kutu ile ile.

Kiungo cha tatu hutokana na miti. Viwanda vya karatasi vinapopika mbao hubaki maji ya rangi ya kahawia, na kitu kilichomo humo husaidia saruji kulainika kwa maji machache. Hapa huitumia nuru ya namna nyingine, ile iliyo nje ya rangi ya urujuani. Hukamua maji ya saruji na kuyapima: kikionekana kiungo kingi majini, maana yake hakikushika chembe za saruji, kikionekana kidogo, maana yake kimezishika.

Kiungo cha nne kimo katika vyakula vyetu. Watafiti wa taasisi ya BAM ya Berlin, wakishirikiana na wataalamu wa Afrika, wamechunguza wanga wa muhogo, ambao huyafanya maji ya zege kuwa mazito ili kokoto zisizame chini, tena huchelewesha kuganda kwa kiasi. Majivu ya makapi ya mpunga nayo yamechunguzwa sana. Yakichomwa vizuri huwa na silika nyingi, nayo huila ile chokaa iliyolowa na kuzaa gundi zaidi. Nuru huthibitisha jambo hili waziwazi, maana katika saruji yenye majivu mazuri herufi ya 3640 hupungua siku hata siku badala ya kuzidi. Lakini majivu yo yote tu ya jikoni hayafai. Mengi yana magadi, na mkaa usioungua, navyo huharibu kazi.

Kiungo cha tano ndicho kilichomwingia yule mwenye birika bila yeye kujua, yaani sukari. Sukari ni mchelewesha saruji mwenye nguvu ajabu. Chembe zake hushika mahali pale pale ambapo gundi na chokaa mpya zingeanza kuota, zikaziziba. Usingizi wa saruji, ambao desturi yake ni saa mbili au tatu, huwa wa saa nyingi, pengine siku nzima na zaidi. Hata madereva wa magari ya kukorogea zege hujua jambo hili. Gari likiharibika njiani, sukari hutiwa ndani ili zege isigandie humo na kuwa jiwe.

Tufanye hesabu. Mfuko mmoja wa saruji una kilo 50. Sehemu moja katika elfu ya mfuko huo ni gramu 50 tu, na kiasi hicho cha sukari chatosha kuuchelewesha mfuko wote. Maji ya mabibo huwa na sukari kama sehemu moja katika kumi. Basi katika nusu lita ya maji ya mabibo mna sukari karibu gramu 50. Mfuko mmoja hukorogwa kwa maji lita 25 hivi, yaani zaidi kidogo ya debe moja. Mnaona sasa, ndugu zetu: kile kilichosalia chini ya debe la yule kijana kilikuwa ni dawa kamili ya usingizi kwa mfuko mzima.

Tuseme mtafiti angalikuwapo Newala siku ile na chombo chake cha nuru. Asubuhi ya kwanza angaliona herufi ya 3640 haijatokea, na silika ingali pale pale penye 925. Angalisema, "Saruji hii haikufa. Imelala." Siku ya tatu, katika upande uliofunikwa, angaliona herufi ya chokaa imechimba kina, na silika imehama. Saruji iliyocheleweshwa kwa sukari kidogo, ikiwekwa katika unyevu, huamka yenyewe na kufanya kazi yake, na mwisho wa yote nguvu yake yaweza kuwa sawa na ya ile isiyocheleweshwa. Katika upande wa jua angaliona jambo jingine. Silika ingalibaki karibu na mahali pake pa kwanza, na herufi ya chokaa ingalikuwa dhaifu. Maji yalichukuliwa na jua wakati saruji ingali usingizini. Ilipofika saa ya kuamka, haikukuta cha kula.

Kwa hiyo walikosea wote: aliyemlaumu mwashi, na aliyelaumu duka, na aliyelaumu jirani. Babu yule hakuwa na chombo cha nuru, ila alikuwa na macho na miaka mingi. Elimu imekuja kueleza kwa nini babu alisema kweli, na kutupa kipimo cha hakika mahali ambapo yeye alikuwa na mazoea tu.

Mtasema, "Sisi hatuna almasi wala mashini." Ni kweli. Lakini msingi wa kazi ya mtafiti ni kulinganisha, na kulinganisha hakuhitaji mashini. Ukiwa na shaka juu ya maji, fanya hivi. Chukua saruji kidogo ya mfuko mmoja, uigawe sehemu mbili zilizo sawa. Moja ikoroge kwa maji safi ya kunywa, nyingine kwa maji yenye shaka, kwa kipimo kile kile. Fanya maandazi mawili, uyaweke kivulini chini ya gunia bichi, uyaguse kwa msumari kila saa. Yakiganda pamoja, maji yako yafaa. La pili likichelewa mno, usiyatumie maji yale, wala chombo kilichoyabeba.

Yako na mengine ya kukumbuka. Madebe na mapipa ya mabibo, ya soda, ya asali, ya unga wa muhogo na ya sabuni yasikaribie saruji kabla ya kuoshwa mara nyingi. Usiongeze maji ili kazi iwe laini, maana maji yaliyozidi huacha vitundu vingi, na birika huvujia humo. Usiongeze kiungo cho chote kwa kusikia habari zake tu, hata hizi zetu, bila kukijaribu kwanza katika andazi dogo. Tena ufunike kazi yako, kwa magunia au majani ya mgomba, na kuilowesha kwa siku saba angalau.

Twajua ya kuwa shauri hili la mwisho ni gumu. Katika uwanda usio na maji, kumwambia mtu ainyweshe saruji kwa siku saba ni kumwomba mama mmoja ashuke bondeni kwa ajili ya ukuta. Lakini funiko zuri huyashika maji yasipotee, hata ndoo chache zikatosha mahali ambapo, pasipo funiko, pipa zima lisingetosha. Na birika likishika maji mwaka wa kwanza, na wa pili, na wa ishirini, ndoo zile chache zitakuwa zimelipwa mara nyingi.

Yule mwenye birika alibandua upande mmoja tu, akaupiga lipu upya kwa madebe safi. Mvua zilipofika birika lilijaa. Na kijana aliyeleta madebe, siku hizi ndiye anayekagua vyombo vyote kabla mwashi hajafungua mfuko.